Kwa Nini Tumzoee Bosi?

"Bosi ndivyo alivyo, mzoeeni." Kauli hii haikosekani katika ofisi zetu. Huambiwa mwajiriwa mpya aliyekaripiwa mbele ya wateja. Huambiwa mhasibu anayesubiri saini wiki ya pili sasa kwa sababu mkuu wake haamui jambo. Huambiwa muuguzi wa zamu ya usiku ambaye daktari wake hapendi kupigiwa simu. Anayeisema mara nyingi ana nia njema, anataka kumpunguzia mwenzake machungu. Lakini papo hapo amekubali jambo kubwa bila kulijadili: kwamba namna mtu anavyoongoza ni maumbile yake, na kazi ya walio chini yake ni kujipanga kuyazunguka maumbile hayo.

Siku hizi kauli hiyo imepanda daraja. Imeingia kwenye semina, kwenye vitabu vya kujiendeleza na kwenye video za washauri wa ajira, na huko inaitwa kugundua mtindo wako wa asili wa uongozi. Mafundisho yenyewe ni mepesi. Ndani ya kila mtu yupo kiongozi wa aina fulani. Jaza dodoso umjue, kisha ongoza kwa namna yake bila kujilazimisha kuwa mtu mwingine. Ukifanya hivyo, wanasema, utaaminika, hutachoka, na watu watakufuata wenyewe.

Nayapinga mafundisho haya tangu mzizi wake. Yanaanza na mtu asiyestahili kuanza naye. Cheo kazini kipo kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya watu watakaoifanya, na hao ndio wa kuulizwa kwanza: wanahitaji nini ili waifanye vizuri na warudi nyumbani salama? Anayeanza kwa kujiuliza "mimi ni kiongozi wa aina gani?" ameshawaweka pembeni kabla hajakaa kwenye kiti.

Wahubiri wa mtindo wa asili wanapenda kuegemea sayansi, basi tuitazame sayansi hiyo. Mwaka 1939 Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehamia Marekani baada ya Hitler kushika utawala Ujerumani, alichapisha pamoja na Ronald Lippitt na Ralph White matokeo ya utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Iowa. Walianzisha vilabu vya wavulana wa umri wa miaka 10 hivi, waliokutana baada ya masomo kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni na kazi nyingine za mikono. Kila klabu ilisimamiwa na mtu mzima. Kuna aliyeamuru kila hatua, kuna aliyejadiliana na watoto, kuna aliyewaacha wafanye watakavyo. Hapo ndipo zilipotoka aina tatu ambazo kila mwanafunzi wa utawala amezikariri: uongozi wa kiimla, wa kidemokrasia na wa kuachia mambo yajiendee.

Kinachosahaulika ni namna utafiti ulivyoendeshwa. Wale wasimamizi walikuwa wakibadilishana. Kila baada ya wiki kadhaa msimamizi alihamia klabu nyingine na kushika mtindo mwingine, kwa sababu watafiti walitaka kuhakikisha kwamba kinachopimwa ni mwenendo wa msimamizi, haiba yake isichanganywe humo. Aliyekuwa mkali kwa kundi hili alikuwa msikilizaji kwa kundi linalofuata, na watoto wakabadilika kufuatana naye. Chini ya amri, msimamizi akitoka chumbani kazi ilidorora. Chini ya majadiliano iliendelea hata asipokuwepo. Dhana nzima ya mitindo ya uongozi, basi, ilizaliwa katika jaribio lililoonyesha kwamba mtu yule yule anaweza kufundishwa mitindo tofauti na kuitekeleza. Leo dhana hiyo hiyo inatumiwa kumwambia meneja kwamba ana mmoja tu, na kwamba alizaliwa nao.

Hata Daniel Goleman, ambaye mitindo yake sita haikosekani kwenye slaidi za semina, hakusema hivyo. Katika makala yake ya mwaka 2000 kwenye Harvard Business Review aliandika kwamba viongozi wenye matokeo bora hutumia mitindo kadhaa na kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine kadiri hali inavyodai. Wanaomtaja huchukua ile orodha ya sita wakaiacha hoja.

Na madodoso yenyewe je? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake jaribio la haiba, kisha akamkabidhi kila mmoja maelezo aliyodai yametokana na majibu yake. Wakaombwa wayapime usahihi. Wastani ukawa 4.26 kati ya 5. Kumbe maelezo yalikuwa yale yale kwa wote, neno kwa neno, na sehemu kubwa Forer aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu. Mtu akiambiwa habari zake kwa lugha pana na ya kumsifu, anajiona humo.

Nimewaona wakuu wa idara katika ukumbi wa hoteli, baada ya chai na sambusa, wakijipanga kwenye pembe nne za ukumbi kwa majina ya wanyama. Mmoja alisimama pembe ya simba akatangaza kwa furaha kwamba sasa wasaidizi wake wataelewa kwa nini anafoka. Wasaidizi wenyewe walikuwa pembe ya pili. Wakapiga makofi. Dodoso lilikuwa limemaliza kazi yake: jambo ambalo watu hao walikuwa wakilalamikia kwenye korido miaka yote limegeuka sifa ya mkubwa wao, lina jina, na kulilalamikia tena kutaonekana ni kutomwelewa.

Sasa nataka tuulize hiyo asili inatoka wapi. Wengi wetu tulikabidhiwa uongozi kwa mara ya kwanza tukiwa na miaka tisa au kumi, tukaitwa viranja. Mwalimu anatoka, anamwachia kiranja kipande cha karatasi: andika majina ya wapiga kelele. Kiranja anasimama mbele ya darasa anaangalia midomo. Rafiki zake hawaandikwi. Aliyemnyima andazi wakati wa mapumziko anaandikwa hata kama hajafungua kinywa. Akibisha anaongezewa alama mbele ya jina lake, na kila alama ni kiboko. Mwalimu anarudi, anasoma orodha, fimbo inatembea, na hakuna anayemuuliza kiranja ushahidi. Katika kipindi kimoja mtoto yule amejifunza kwamba kuongoza ni kulinda ukimya, kwamba anawajibika kwa aliye juu yake peke yake, na kwamba orodha yake haihojiwi.

Anakua na somo hilo. Analikuta tena bwenini, analikuta kwenye ofisi yake ya kwanza kwa mkubwa aliyepita njia ile ile. Miaka thelathini baadaye anajaza dodoso na kuambiwa kwamba kwa asili yeye ni mtu wa kutoa maelekezo na kufuatilia. Asili gani hiyo? Ni karatasi ya wapiga kelele, na aliipokea kutoka mikononi mwa mtu.

Yule mpole naye ana historia. Alichapwa kwa kuuliza swali, au alimwona mwenzake akichapwa, akajifunza kwamba salama ya mtu ni kutosimama popote. Leo ni mkurugenzi. Faili linakaa mezani kwake, kila jambo linaundiwa kamati, na kamati inaundiwa kamati ndogo. Dodoso linamwita kiongozi shirikishi. Wanaomsubiri wanajua kwamba anaogopa, na uoga wake una gharama kwa mzabuni ambaye hajalipwa na kwa kibarua wa mzabuni huyo. Sisemi watu hawa ni wabaya. Nasema walifundishwa, na mtu aliyefundishwa anaweza kufundishwa upya, isipokuwa tumemwambia kwamba alivyo ndivyo alivyoumbwa.

Tanzania iliwahi kulitazama jambo hili kwa jicho kali zaidi. Mwaka 1970 Waraka wa Rais Na. 1 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata chama tawala, TANU, kikatoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kikamkataza kiongozi majivuno, ufujaji, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani walikisoma kifungu kile kama haki yao. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilifuatana Dar es Salaam, na katika mingi kati ya hiyo dai la kwanza halikuwa mshahara. Watu walisimamisha mashine kwa sababu meneja aliwatukana, aliwadharau, aliwafanya si watu. Mahali pengine meneja alifungiwa geti. Yapo mengi ya kubishania kuhusu kipindi kile, na baadhi ya migomo ilizimwa na wafanyakazi kufukuzwa kazi. Lakini hebu fikiria meneja wa mwaka 1972 akisimama mbele ya wafanyakazi hao kujitetea kwamba ukali ni mtindo wake wa asili. Wangemjibu kwamba hawakumuuliza asili yake, wamemuuliza mwenendo wake. Jibu hilo lilikuwa sahihi wakati ule na ni sahihi leo.

Pale ambapo uongozi mbaya unaua mara moja, bila kusubiri ripoti ya mwisho wa mwaka, watu walishaacha zamani kuzungumzia mtindo wa asili. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. Ukungu ulikuwa mzito, mawasiliano ya redio yaliingiliana, sababu zilikuwa nyingi. Lakini ndani ya chumba cha marubani cha KLM kulikuwa na mhandisi wa ndege aliyeuliza, ndege ikiwa tayari imeanza kukimbia, kama wale Pan Am wameshatoka njiani. Kapteni alikuwa mkufunzi mkuu wa marubani wa 747 katika shirika lake, mtu wa heshima kubwa. Alijibu kwa mkazo kwamba wametoka. Mhandisi hakurudia swali. Mwaka uliofuata, Desemba 1978, ndege ya United iliishiwa mafuta angani karibu na Portland, kapteni akiwa ameshughulika na hitilafu ya magurudumu huku wenzake wakitaja mafuta kwa sauti ya chini mno kumshtua. Watu 10 walikufa.

Mashirika ya ndege yangeweza kusema kwamba makapteni ni watu wa amri kwa hulka, na marubani wasaidizi ni watu wa adabu kwa hulka. Hayakusema hivyo. Mwaka 1979 shirika la anga la Marekani, NASA, liliitisha warsha kuhusu jambo hili, na mwaka 1981 United ikaanza kuwafunza wafanyakazi wake wa angani namna ya kufanya kazi pamoja: kapteni aombe maoni kabla ya kuamua, msaidizi aseme anachokiona na akirudie asiposikika. Leo mafunzo ya aina hiyo ni ya lazima katika mashirika ya ndege duniani. Rubani mkali kwa tabia anayapitia sawa na mpole. Hulka yake akae nayo nyumbani kwake; kwenye chumba cha marubani anadaiwa mwenendo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Kati ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji, yenye vipengele 19, katika hospitali za miji minane duniani. Mojawapo ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, kwetu hapa. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani anajitambulisha kwa jina na kazi yake. Wanathibitisha kwa sauti mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, na nini kinaweza kwenda vibaya. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Atakayesema kwamba orodha ina mambo mengine, kama dawa za kuzuia maambukizi na kuhesabu vifaa, atakuwa amesema kweli. Tena huko Ontario, Kanada, hospitali zilipotakiwa kuitumia orodha hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 haukuona nafuu ya maana. Karatasi peke yake haiongozi mtu. Mimi ninachokitazama ni ule mstari wa kujitambulisha. Muuguzi kijana, ambaye jana bingwa alikuwa akimwita "wewe, leta mkasi", leo ametamka jina lake mbele ya bingwa huyo, na bingwa ametaja lake. Aliyekwisha kufungua kinywa mara moja hapati taabu sana kukifungua mara ya pili, pale anapoona pamba imebaki tumboni. Hakuna aliyempima daktari yule kama ni simba au ni njiwa. Aliambiwa afanye jambo, akafanya.

Najua hoja inayonisubiri, na ni hoja nzito. Kwamba kuigiza kunachosha, na watu wanamtambua mwigizaji mapema. Kweli kabisa. Meneja aliyetoka semina akaanza kuwakumbatia watu aliokuwa hawajibu salamu anatia shaka kuliko alipokuwa mkimya. Lakini tazama watu wanakasirikia nini hasa. Wanakasirikia uongo. Wanajua kwamba tabasamu hilo litaisha Ijumaa. Meneja yule yule akiacha kukumbatia, akajibu salamu kila asubuhi, akatimiza ahadi ya likizo aliyoitoa mwezi wa tatu, hakuna atakayemwita mwigizaji, hata kama kujibu salamu kunamgharimu jitihada. Ukweli wa mtu kazini unapimwa kwa ahadi zake. Haudai awe huru kumwaga kila hali ya moyo wake juu ya wengine.

Tabia za watu zinatofautiana, sikatai. Yupo mwongeaji na yupo mkimya, na mkimya hana haja ya kupayuka ili aongoze. Anaweza kutoa agizo lililo wazi kwa sauti yake ndogo, na mwongeaji anaweza kunyamaza dakika tano amsikilize fundi. Fred Fiedler, katika nadharia yake ya mwaka 1967, aliamini kwamba mwelekeo wa kiongozi ni mgumu kubadilika, hivyo ni heri apangiwe kazi inayomfaa. Hata kwa Fiedler, basi, mtu hapewi ruhusa ya kuongoza popote kama alivyo. Na mkuu wa shule ya kata yenye upungufu wa walimu hawezi kusubiri apangiwe mazingira yanayolingana na roho yake.

Tena ruhusa hiyo ya kuwa wewe mwenyewe haigawiwi sawa. Mwanamume akipiga meza ni mtu wa msimamo. Mwanamke akipiga meza ile ile ana kiburi, au nyumbani kuna shida. Akiwa mpole, wanasema kazi imemshinda. Mwanamke anayesimamia idara ya mafundi wanaume hutumia siku nzima kupima sauti yake, neno lake, hata mahali pa kukaa kwenye kikao. Kumwambia aongoze kwa asili yake ni kumtaka asahau anachokijua kuhusu chumba alichomo. Kwa kweli wanawake wengi kazini ndio waliojifunza uongozi sawasawa, kwa sababu hawakuwahi kuruhusiwa kudhani kwamba tabia yao inatosha.

Nenda gereji yoyote yenye kazi nyingi, hapa Ilala ziko tele, umtazame fundi mkuu anayeijua kazi yake. Kijana saidia fundi anataka kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tupu. "Toka! Weka stendi kwanza." Hapo hakuna mjadala, na sauti inasikika mpaka barabarani. Dakika kumi baadaye yuko kwa fundi umeme mwenye umri wa baba yake, amechuchumaa: "Mzee, hii taa ya injini inanichanganya, wewe unaonaje?" Anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anamwacha fundi wa bodi peke yake mchana kutwa, hamsogelei, kwa sababu yule anajua rangi kuliko yeye na hapendi kuangaliwa akipiga puti. Jioni anamfuata yule kijana wa jeki, anamweleza taratibu kwa nini alimfokea asubuhi. Muulize mtindo wake wa asili ni upi, atakuuliza unataka gari lipi.

Nataka taasisi zetu ziyafunge madodoso ya simba na njiwa, na fedha zake zipelekwe kwingine. Kabla ya kumpandisha mtu cheo, wasikilizwe waliofanya kazi chini yake, naye asiwepo, na majina yasiandikwe. Mara ya mwisho ulipompelekea habari mbaya ilikuwaje? Alipokosea yeye, nani aliandikiwa barua? Alipokuwa safarini kazi ilikwenda au ilisimama? Kuna jambo ulilijua ukanyamaza? Majibu yakionyesha kwamba hajui kuongoza, afundishwe kwa uzito ule ule anaofundishwa rubani. Akikataa kufundishwa, arudi kwenye kazi anayoiweza, kwa mshahara wake ule ule ikibidi. Wapo mafundi, wahasibu na madaktari hodari tuliowaharibu, pamoja na watu wao, kwa kuwapa wasaidizi wa kuwasimamia kwa sababu tu hatukuwa na njia nyingine ya kuwaongezea kipato.